Lari ilikuwa mbili, tukaonyeshwa moja

Wasee, ukimuuliza cucu wangu kuhusu Lari, naye anakuuliza kwanza: "Ile ya kwanza ama ile ya pili?" Alikuwa msichana wa miaka tisa. Mimi nilimaliza sekondari, nikasoma chuo mwaka mmoja na nusu kabla niachane nacho (hiyo ni stori ya siku ingine), na sikuwa najua kuna ya pili.

Ya kwanza inajulikana. Usiku wa 26 Machi 1953, Mau Mau waliingia Lari, Kiambu, wakachoma nyumba za watu wa chifu wa zamani Luka Wakahangara na familia za Home Guard. Walikufa zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto. Ulikuwa unyama, na sijakuja hapa kuutetea. Serikali ya mkoloni iliwapeleka waandishi wakajionee, na picha zikafika hadi magazeti ya Uingereza.

Ya pili ilianza usiku huo huo ikaendelea siku zilizofuata. Home Guard, polisi na askari walilipiza kisasi kwa yeyote waliyemshuku. Mwanahistoria David Anderson, aliyechimbua faili za kesi za enzi hiyo, anasema hapo ndipo waliuawa wengi zaidi. Hiyo serikali iliifunika.

Manze, kitu kilichonishika ni kwamba zile picha hazikuwa feki. Maiti zilikuwa za kweli, machozi ya kweli. Ni kamera tu iliondoka mapema. Mtu wa London akisoma gazeti lake asubuhi angedhani masetla wanamalizwa Kenya, na vita nzima iliua masetla 32. Walionyongwa na serikali peke yake ni 1,090.

Halafu kuna Hola. Tarehe 3 Machi 1959, askari wa kambi waliwapiga wafungwa waliokataa kazi ya lazima, 11 wakafa. Taarifa ya serikali ikasema walikufa baada ya kunywa maji ya mkokoteni. Soma tena hapo kwa "baada ya". Haijasema maji yaliwaua. Imeyaweka tu kando ya maiti, wewe umalizie mwenyewe. Uchunguzi ukaonyesha ni kipigo, na Julai hiyo hata Enoch Powell, mbunge wa chama tawala ambaye hakuwa rafiki ya mtu mweusi, alisimama bungeni akaikemea serikali yake.

Cucu hajui Powell ni nani. Lakini juzi tulikuwa tunatazama taarifa ya saa moja, vita vya mbali huko, na msomaji akasema watu kadhaa wamefariki baada ya mlipuko. Cucu akaweka kikombe chini.

"Mlipuko wa nani?"

Msomaji alikuwa ameshafika kwa michezo.