Uzito wa Chuma na Udongo wa Nachingwea

Katika mwaka 1947, Serikali ya Uingereza, ikiwa imeelemewa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Vikuu vya Pili, ilianza mradi wa kulima karanga katika Tanganyika kwa kiasi ambacho nchi hii haijapata kukiona. Na miongoni mwa mahali palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo, palikuwa Nachingwea, ambako misitu iliangushwa kwa matingatinga na minyororo mizito, na reli ikafika mwaka 1949 kutoka Mkwaya, karibu na Lindi.

Tuta la reli hutaka ardhi iliyoshindiliwa sawasawa, lakini shamba la karanga halitaki hayo kabisa. Ua la karanga likisha kuchavushwa huteremsha kikonyo kitoboe udongo, ili tunda likue chini, na udongo uliogandamizwa hukikataa. Wakubwa wa mradi, ambao hata vifaru vya Sherman waliviagiza vigeuzwe matrekta, walitumaini uzito wa chuma kuliko tabia ya ardhi. Huko Kongwa udongo wa mfinyanzi ulikauka wakati wa kiangazi, ukawa mgumu mno hata kung'oa karanga ikawa adha kubwa. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Reli nayo, iliyounganishwa na Mtwara mwaka 1954, ikafungwa mwaka 1962.

Wala elimu ya kushindilia udongo haikukosekana. Thomas Aveling wa Rochester alikwisha kuunda rola la mvuke katika miaka ya 1860, na mwaka 1933 mhandisi wa Marekani, Ralph Proctor, alibainisha kwamba kila udongo una kadiri yake ya maji ili ushindilike vema: ukiwa mkavu, chembe zake hugoma kusogeleana, ukilowa kupita kiasi, maji huishika nafasi ya chembe hizo. Waashi wa pwani yetu walikuwa na maarifa hayo zamani, kwani sakafu ya chokaa waliipigilia ingali mbichi, siku baada ya siku, kwa miti na nyimbo.

Maarifa hayo yanatakiwa hata leo, kwani barabara ya Nanganga, Ruangwa na Nachingwea, ambayo lami yake imeshughulikiwa miaka hii ya karibuni, hubeba malori ya korosho, ufuta na madini ya kinywe. Basi enyi mnaoisimamia, rola la mtetemo lisitangulie boza la maji wakati wa kiangazi, na kila tabaka lipimwe kabla ya kufunikwa na jingine.