Reli ya Bububu: Jina na Treni, Kipi Kilitangulia?

Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli ya maili 7 kutoka mjini Unguja hadi Bububu. Kituo cha mjini kilikuwa kando ya Ngome Kongwe. Magari yalipoongezeka, safari za abiria zilikoma katika miaka ya 1920. Baadaye reli ikang'olewa.

Wengi husimulia kwamba Bububu ilipewa jina kutokana na mlio wa treni. Lakini Sayyida Salme, aliyewahi kuishi huko, aliitaja Bububu katika kumbukumbu zake za 1886. Basi jina lilitangulia treni.

Sisi tuliofika Nakivale tukiwa tumeacha vijiji vyetu tunajua kwamba mahali pakitoweka, hubaki masimulizi. Tuyatunze, na pia tuyapime.