Nyasi za Nyumbani Zilivyofufua Malisho

Historia ya kuotesha upya malisho nchini Kenya ina fundisho lililolipiwa kwa kondoo. Mwaka 1904 mlowezi Mwingereza Lord Delamere aliagiza kondoo majike 500 wa aina ya merino kutoka New Zealand, akawaweka shambani kwake Njoro. Muda si mrefu, wanne kati ya kila watano walikufa. Wamaasai walikuwa tayari wakiiepusha mifugo yao na ardhi hiyo. Baadaye ilibainika kwamba udongo wa sehemu za Nakuru una upungufu wa kobalti. Mnyama anayecheua huhitaji madini hayo kidogo tu, lakini akiyakosa hukonda hata nyasi zikiwa tele.

Fundisho ni kuijua ardhi kabla ya kuileta mifugo ya mbali, na kwa upande wa nyasi, mbegu za kufaa zilipatikana humu humu nchini. Katika kituo cha utafiti cha Kitale, alikohudumu mtaalamu wa mimea A. V. Bogdan, nyasi za asili zilikusanywa na kulinganishwa, zikachaguliwa zenye majani mengi na mbegu nzuri. Ndivyo wakulima walivyopata Boma Rhodes na setaria ya Nandi.

Kazi ya shambani inataka subira. Ardhi hulimwa kabla ya mvua, mabonge yakapondwa mpaka udongo ulainike. Mbegu ya Boma Rhodes ni nyepesi kama makapi, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu ili imwagike sawasawa. Haifukiwi, tawi la mti hukokotwa juu yake, basi. Kabla ya kuingiza kondoo, mfugaji hushika fungu la nyasi na kulivuta. Likikatika, mizizi imeshika. Liking'oka, kondoo wasubiri.

Katika nyanda kame, shirika la RAE (Rehabilitation of Arid Environments) limefanya kazi hiyo Baringo tangu 1982. Ardhi iliyobaki tupu huchimbwa makinga ya maji, ikapandwa nyasi za asili na kufungwa ipumzike. Nyasi zikikomaa, wenyeji huuza mbegu na majani makavu.

Hata Eastlands, mjini Nairobi, inahusika moja kwa moja. Mbuzi na kondoo wengi wa soko la Kiamaiko huko Eastlands huletwa kwa malori kutoka Isiolo na Marsabit, na mnunuzi humpapasa mnyama mgongoni kupima unono wake. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini. Malisho yaliyooteshwa na kufungwa mapema ndiyo akiba ya mfugaji mvua zinapokatika, na ndiyo yanayomfikisha mnyama sokoni akiwa na nyama mgongoni.