Kikoa cha Mashabiki: Jina la Mkutano Usio na Watazamaji

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona kelele hivyo? Mko wapi?"

"Tuko kwenye treni, tunakwenda Glasgow."

"Glasgow kuna nini?"

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Ilikuwa Agosti 2024. Mimi na rafiki zangu wawili, mmoja wa Tanga na mwingine wa Mombasa, tulikuwa tukitoka London kwenda Worldcon, mkutano wa kila mwaka wa wapenzi wa hadithi za kisayansi na hadithi za ajabu. Nilimjibu mama kwamba kuna mkutano. Akauliza ni wa chama gani. Nikasema basi ni tamasha. Akauliza nani anaimba. Nikajaribu kongamano, akataka kujua ni la chuo gani na nani atatoa mada. Nikaishia kwenye maonyesho, naye akasema, "Kumbe kama Sabasaba." Nilimpa maneno manne, na kila moja lilimpeleka kusikohusika.

Mama hakukosea hata mara moja. Alikuwa akiyasoma maneno kama yanavyotumika. Tamasha lina jukwaa, na mbele ya jukwaa kuna watazamaji. Kongamano lina meza kuu, na mbele ya meza kuu kuna wasikilizaji. Maonyesho yana vibanda, na mbele ya vibanda kuna wateja. Katika yote matatu, watu wamegawanyika mafungu mawili: wenye shughuli na waliokuja kuishuhudia. Neno mkutano halina mgawanyiko huo, lakini ni pana mno. Mkutano unaweza kuwa wa hadhara, wa wanahisa, au wa watu wawili njiani.

Wenye jambo lao, Waingereza na Wamarekani, huliita "convention", na kwa mkato "con". Wapo wanaopendekeza tulitohoe tu tuseme koni. Sikubaliani nao, kwa kuwa koni tayari ni umbo tunalofundishwa kwenye hisabati, na ni kile kikombe cha kuliwa kinachobeba aisikrimu. Isitoshe, utohozi ungetupa sauti ya neno bila kutupa maana yake. Tuitafute maana kwanza.

Aprili 1926 Hugo Gernsback, mhamiaji kutoka Luxembourg aliyefanya kazi New York, alitoa toleo la kwanza la jarida la Amazing Stories, lililochapisha hadithi za kisayansi peke yake. Kwenye safu ya barua za wasomaji alichapa jina la mwandishi wa barua pamoja na anwani yake kamili. Jambo dogo hilo ndilo mbegu ya yote. Msomaji wa mji mmoja aliona barua ya msomaji wa mji mwingine, akamwandikia moja kwa moja bila kupitia kwa mhariri. Barua zikazaa klabu, klabu zikazaa vijarida vya kuchapwa nyumbani, na waandikiani wakatamani kuonana uso kwa uso. Januari 1937 walikutana Leeds, Uingereza. Julai 1939, wakati New York ikiwa na Maonyesho ya Dunia, watu wapatao 200 walikusanyika mjini humo kwa siku tatu, na kutokana na maonyesho hayo mkutano wao ukapata jina la Worldcon, yaani wa dunia.

Aliyekulia karibu na redio ya Kiswahili ataelewa haraka. Watuma salamu wetu walianza na kadi: jina, jina la utani, sanduku la posta na orodha ya wanaosalimiwa. Watu wasiowahi kuonana wakajuana kwa sauti ya mtangazaji, wakaunda klabu, wakaanza kutembeleana, kuchangiana harusi na kuzikana. Ujirani wa namna hiyo hauletwi na mtaa wala ukoo. Huletwa na kitu ambacho watu wote wanakipenda, na ukishakuwapo hudai siku ya kuonana.

Neno shabiki tunalo tayari, na nadhani tulihifadhi. Linahitaji nyongeza moja tu. Shabiki tuliyemzoea ni wa Simba au wa Yanga: anavaa jezi, anashangilia, anaumia timu ikifungwa, lakini haingii uwanjani. Huku shabiki anaingia uwanjani. Hiyo ndiyo tofauti ambayo istilahi yetu lazima iibebe.

Angalia jinsi Worldcon inavyoendeshwa. Hununui tiketi. Unalipia uanachama wa World Science Fiction Society, kisha unaongeza malipo ya kuhudhuria. Uanachama huo unakupa kura ya Tuzo za Hugo, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1953 na kupewa jina la Gernsback yuleyule. Wanachama ndio pia wanaochagua kwa kura mji utakaopokea mkutano miaka miwili baadaye. Kamati inayoandaa haina mshahara. Anayekugawia beji, anayepanga viti na anayeongoza foleni wote wamejitolea, na wamelipia uanachama kama wewe. Uzito wa jambo hili ulionekana wiki chache kabla ya safari yetu, wasimamizi wa tuzo walipotangaza kuwa wamezifuta kura 377 baada ya kugundua kwamba uanachama wa waliozipiga haukuwa halali. Penye watazamaji tu, hakuna anayehesabu namna hiyo.

Tulipofika kwenye kumbi zilizo kando ya mto Clyde, nililiona hilo kwa macho. Kwenye meza moja ya vitabu mtu alitusikia tukizungumza, akauliza kama Kiswahili kina hadithi za aina hii. Rafiki yangu wa Tanga akaanza na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, na nchi yake inayoelea angani. Mimi nikaongeza Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambamo Dzombo anasafirishwa kwa chombo cha anga hadi kwenye ulimwengu ambao jina lake, ukilikata vizuri, linasema "wale ni sisi". Mwenzetu wa Mombasa akaeleza filamu ya Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya, ya mwaka 2009, kuhusu dunia iliyokaukiwa maji. Kufumba na kufumbua watu saba au wanane walikuwa wametuzunguka, wengine wakiandika majina ya vitabu kwenye simu. Hakuna aliyetualika kutoa mada. Tulikuwa tumeleta cha kwetu, nacho kikapokelewa.

Usiku ule nilimpigia mama tena, nikaacha kutafuta jina, nikamweleza tu mambo yalivyo. Kwamba kila mtu analeta kitu: huyu somo, huyu wimbo, huyu vazi alilolishona miezi sita, huyu nguvu zake za kubeba meza. Kwamba mwaka huu wenyeji ni Glasgow, mwakani Seattle, na mwaka unaofuata zamu ya wengine. Mama akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe mnakula kikoa."

Wasomaji vijana huenda hawajalisikia neno hilo kwa maana hii. Kula kikoa ni kula pamoja kwa zamu: leo chakula kinatoka kwa huyu, kesho kwa yule, na wote wanakaa kwenye sinia moja. Mama alikua akiona majirani wakifuturu kikoa mwezi mzima wa Ramadhani, baraza hadi baraza. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson inalo, nayo ilitoka mwaka 1939, mwaka uleule wa mkutano wa New York. Neno na kitu vilikuwapo duniani kwa wakati mmoja, vikisubiri kujulishana.

Uzuri wa kikoa ni kwamba linabeba sifa tatu kwa pamoja. Lina ushirika, kwa sababu hakuna kikoa cha mtu mmoja. Lina mchango, kwa sababu anayekula ndiye anayeleta. Lina zamu, kwa sababu uenyeji unahama kutoka nyumba hadi nyumba, kama Worldcon inavyohama kutoka mji hadi mji. Sijaona neno lingine la Kiswahili lenye yote matatu. Bia, kwa maana ya kuchangiana chakula, lina ushirika na mchango, lakini zamu halina, na siku hizi msikilizaji atafikiria chupa kwanza.

Ipo hoja nzito dhidi yake. Wataalamu wa intaneti wameshalichukua kikoa kwa maana ya jina la eneo la tovuti, kama lile la tz au la ke. Je, hatutachanganya? Naamini hatutachanganya. Kichwa ni cha mtu, cha habari na cha treni, na hakuna anayepotea. Tukisema kikoa cha mashabiki, kijalizo hicho kinatosha kuonyesha tunakokwenda. Hata hivyo, mwenye kupendekeza istilahi akumbuke kwamba wasemaji ndio waamuzi. Ngamizi lilipendekezwa, tarakilishi likashika Kenya, na Tanzania wengi wakabaki na kompyuta. Mimi naleta neno mezani. Kulila ni hiari ya wote.

Tuangalie na mipaka yake. Ipo mikusanyiko mikubwa inayoendeshwa na makampuni, ambako unanunua tiketi ili upige picha na mwigizaji na kununua midoli. Hiyo tuiite maonyesho au tamasha, na hatutakuwa tumekosea. Kikoa tukiweke kwa ile inayoendeshwa na mashabiki wenyewe. Na tusilipambe neno kupita kiasi: mwaka 1939 vijana sita wa klabu nyingine, akiwamo Frederik Pohl aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, walizuiwa mlangoni New York kwa sababu ya ugomvi wa makundi. Kikoa kinachomfukuza aliyekuja na sahani yake kimejiumiza chenyewe, na ugomvi ule unasimuliwa hadi leo.

Istilahi mbili jirani zinafuata hapohapo. Ya kwanza ni lile vazi. Kwenye mkutano uleule wa 1939 Myrtle Douglas alishona mavazi mawili ya watu wa karne zijazo, akavaa moja na kumvika mwenzake Forrest Ackerman jingine. Miaka ya 1980 Wajapani waliliita jambo hili kosupure, kwa kukata na kuunga maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya vazi na mchezo. Wengi wetu tunatohoa kutoka huko. Lakini mashabiki wa filamu za Bongo wana usemi wao: mwigizaji akifanya vizuri husema amevaa uhusika. Ni sitiari, na huku sitiari inageuka kuwa kitu cha kushonwa kwa uzi na sindano. Napendekeza uvaaji uhusika, na anayefanya hivyo ni mvaa uhusika. Wala jambo lenyewe si geni pwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachezaji wa ngoma ya beni, wa makundi ya Marini na Arinoti, walijivika sare za kijeshi na kupeana vyeo, na mji mzima ukatoka kuwaona wakishindana.

Ya pili ni nyimbo. Mashabiki wana muziki wao, filk, jina lililotokana na kosa la kuchapa neno la Kiingereza lenye maana ya nyimbo za kienyeji. Kosa hilo la miaka ya 1950 liliwapendeza wakalihifadhi. Kuna utaratibu wa watu kuketi duara, na kila anayefikiwa na zamu anaimba, anaomba wimbo, au anapisha. Hizi ni nyimbo za kikoa, na jina hilo halihitaji utetezi. Mwenzetu wa Mombasa alipofikiwa, aliimba wimbo wa kubembeleza mtoto aliofundishwa na bibi yake, kisha akaeleza maana yake kwa sentensi tatu. Mara ya pili alipoufikia mwitikio, duara zima liliitika, kila mtu kwa lafudhi yake.

Siku ya mwisho, kwenye meza ya vitabu, niliona Binti, hadithi ya Nnedi Okorafor iliyoshinda Hugo mwaka 2016. Binti ndilo jina la kitabu na la msichana aliye mhusika wake mkuu. Neno letu lilikuwa limeshakaa kwenye sinia hilo miaka minane kabla yetu. Bara la Afrika bado halijapata zamu ya kupokea Worldcon. Zamu hiyo ikija, tusiwe wenyeji wasio na jina la kumwambia jirani kinachofanyika nyumbani kwao. Kwa hiyo naandika ingizo hili, ili wanaotunga kamusi walipime:

kikoa cha mashabiki nm [ki-/vi-] mkutano wa siku kadhaa unaoandaliwa na wapenzi wa hadithi za kisayansi na za ajabu wenyewe kwa kujitolea, ambapo kila anayehudhuria ni mwanachama na anaweza kuchangia maarifa, sanaa au kazi. Uenyeji wake waweza kuhama kwa zamu. *Mfano:* Shikamoo mama, tumerudi salama kutoka kikoani.