Sanduku, Ufa na Raba Yenye Fedha

Sisi waandishi wa programu hupenda kudhani kwamba tarakilishi hufa kwa sababu ya programu mbovu tu. Leo nawaletea kisa cha mashine iliyouawa na kelele.

Mwaka 1977 kampuni ya Tandy ya Marekani ilianza kuuza TRS-80. Ganda lake lilikuwa la plastiki, na plastiki haizuii mawimbi ya redio. Ukiweka redio ya AM kando yake, uliisikia ikifanya kazi. Mashine haikuwa na spika, basi baadhi ya waandishi wa michezo wakaigeuza redio hiyo kuwa spika! Kwa jirani aliyekuwa akitazama runinga, haikuwa burudani. Mwaka 1979 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ikapitisha kanuni za kudhibiti kelele hizo. Model I haikuzitimiza, na 1981 ikaondolewa katika soko la huko.

Atari walikuwa waangalifu zaidi. Ndani ya Atari 400 na 800 waliweka kasha zito la alumini. Wazo ni la kale: Michael Faraday alilijaribu 1836 kwa chumba kilichozungushiwa metali.

Lakini kasha lina kifuniko, na kifuniko kina ufa. Ufa mrefu hugeuka antena, hata ukiwa mwembamba kama wembe. Katika 1 GHz wimbi lina urefu wa sentimita 30, na ufa wa sentimita 15 hulipitisha vizuri kabisa.

Hapo ndipo gasketi huingia. Silikoni yenyewe haipitishi umeme, kwa hiyo huchanganywa na chembe za metali zinazogusana. Chembe gani? Fedha tupu ni bora, ila ni ghali. Shaba iliyopakwa fedha hupunguza gharama, lakini ikikaa juu ya alumini penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa. Alumini iliyopakwa fedha hupunguza balaa hilo. Grafiti iliyopakwa nikeli ni nafuu zaidi, na chembe zake ngumu hutoboa utandu wa oksidi juu ya metali.

Basi, ukifunga kisanduku cha alumini juu ya mlingoti Mombasa, usiulize tu ni raba gani inayopitisha umeme zaidi. Uliza itagusa metali gani, na katika hewa gani. Mwenye haraka ya bei atarudi kupanda mlingoti.