Shujaa Anapogeuzwa Kichekesho: Kutoka Manila hadi Liboi

Kejeli ya mwigo, yaani kazi ya sanaa inayoiga umbo na mwenendo wa kazi nyingine kwa nia ya kuchekesha, haistawi mahali ambapo shujaa anayeigwa ni mgeni, kwa kuwa msikilizaji asiyeijua sifa hawezi kutambua inapopinduliwa. Historia ya filamu za Ufilipino inalithibitisha jambo hilo. Mwaka 1950 mwandishi Mars Ravelo na mchoraji Nestor Redondo walimtambulisha Darna katika jarida la katuni la Pilipino Komiks, naye alikuwa msichana wa kijijini aitwaye Narda, ambaye humeza jiwe jeupe, hutamka jina la Darna kwa sauti, na papo hapo hugeuka mwanamke shujaa anayeruka angani na kuwashinda maadui. Filamu yake ya kwanza, iliyoigizwa na Rosa del Rosario, ilitoka mwaka 1951 na kufuatwa na nyingine nyingi, hata ikawa vigumu kumpata Mfilipino asiyelijua vazi la Darna. Ndipo mwaka 1979 mchekeshaji mashuhuri Dolphy, mwanamume aliyekuwa amevuka umri wa miaka 50, alipoigiza katika Darna Kuno, jina linalokaribia kusema "Eti Darna", na kuutwaa ushujaa uliokuwa umezoeleka kwa wanawake warembo.

Shujaa wa kigeni naye hakusalimika. Katika Alyas Batman en Robin, vichekesho vyenye nyimbo vilivyotoka mwaka 1991 chini ya mwongozaji Tony Y. Reyes, Joey de Leon alimwigiza Batman wa katuni za Marekani, huku mwanawe Keempee akiwa Robin. Filamu hiyo iliwezekana kwa sababu watazamaji walikuwa wamekwisha kumzoea Batman kiasi cha kumtania kama mtu wa nyumbani.

Liboi, mji mdogo wa mpakani katika Kaunti ya Garissa nchini Kenya, unaoelekeana na Dhobley iliyoko upande wa Somalia, si mji wa studio wala wa majarida ya katuni, lakini mila ya kumcheka shujaa inajulikana kwa wenyeji wake. Wengi wao ni Wasomali, ambao utamaduni wao wa ufugaji ulikuza fasihi simulizi yenye heshima kubwa muda mrefu kabla ya lugha yao kupewa rasmi maandishi ya Kilatini mwaka 1972. Miongoni mwa tanzu zake upo geeraar, ushairi wa vita uliohusishwa na wapanda farasi, ambao ulisifu ujasiri na kuwachochea wanaume kulinda mifugo na ukoo. Katika mazingira ambamo simba na wavamizi walikuwa hatari ya kweli, sifa hizo zilikuwa mafunzo zaidi ya kuwa burudani.

Pembeni mwa sifa hizo alisimama Igal Shidad, mhusika wa hadithi zinazosimuliwa kote wanakoishi Wasomali, mfugaji aliye mwoga kupita kiasi lakini mwepesi wa maneno. Kisa chake kinachojulikana zaidi kinaeleza jinsi alivyokutana gizani na kitu alichokidhania kuwa simba, akakaa na hofu yake usiku kucha, na kulipokucha akagundua kwamba kilichomtisha kilikuwa kisiki cha mti. Kila kipengele cha utendi kimo humo, kuanzia safari na nyika hadi mnyama mkali na mtu aliye peke yake. Kinachokosekana ni ushujaa wenyewe, na pengo hilo ndilo linalochekesha. Hata hivyo Igal hapuuzwi, kwa sababu kila msikilizaji anaifahamu hofu ya usiku na anajua kwamba si kila aliyesifiwa kwa ujasiri aliwahi kumkabili simba.

Serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilipoanguka Januari 1991, Liboi ikawa mlango wa maelfu ya wakimbizi waliovuka mpaka, na wengi wao wakapelekwa katika kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilizo karibu na Dadaab. Fasihi simulizi haihitaji mizigo, nayo ilisafiri na watu hao na jamaa zao hata ng'ambo ya bahari: huko Minnesota, Marekani, ambako Wasomali wengi walihamia, visa vya Igal vilichapishwa mwaka 2008 katika kitabu cha watoto chenye Kisomali na Kiingereza.

Sinema ya Kenya nayo ililigusa suala la kumwiga shujaa kwa njia nyingine mwaka 2018, pale filamu ya Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, ilipooneshwa katika tamasha la Berlin. Mhusika wake mkuu, Jo, ni mtoto wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiotibika na anayetamani kuwa shujaa wa filamu. Dada yake anawashawishi wanakijiji wajifanye kwamba nguvu zake ni za kweli, naye mtafsiri wa filamu katika banda la video, yaani mtu anayewasimulia watazamaji filamu za kigeni kwa lugha yao na kwa mzaha wake mwenyewe, ni sehemu ya mazingira hayo. Hapa mwigo unachekesha bila kumdhalilisha anayeigwa.

Kwa hiyo Dolphy, Igal na Jo wanafanya kazi inayofanana, ingawa hakuna ushahidi unaowaunganisha kwa nasaba: wanaushusha ushujaa hadi kimo cha mwili wa kawaida, uwe umezeeka, unaogopa au unaugua. Tofauti iko katika chombo, kwani Manila ilihitaji kwanza jarida, kisha kamera, ndipo ikaweza kumtania Darna, ilhali wafugaji wa mpakani walihitaji msimulizi na hadhira iliyokwisha kuzisikia sifa za mashujaa. Historia ya kejeli ya shujaa ikianzia kwenye filamu pekee, jamii za aina ya Liboi huonekana kuwa wapokeaji wa mwisho wa sanaa ambayo, kwa kweli, walikuwa mabingwa wake kabla ya skrini kufika.