Kompyuta Mbili na Waya Mmoja

Siku hizi mtu akitaka kupeleka habari kutoka kompyuta moja hata nyingine iliyo chumba kile kile, aghalabu huzipitisha katika ruta, yaani kile kisanduku kinachopokea ujumbe wa kila mtambo na kuuelekeza uendako. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba pasipo ruta kompyuta haziwezi kusemezana. Sivyo mambo yalivyoanza. Kompyuta ziliunganishwa mbili mbili kabla ya ruta kubuniwa, na mafundi walipozidi kuziunganisha walikutana na swali moja ambalo lilirudi tena na tena: mitambo miwili iliyo sawa, isiyo na mkubwa kati yao, itajuaje ni upi useme na ni upi usikilize?

Katika mwaka wa 1965 mabwana wawili wa Marekani, Thomas Marill na Lawrence Roberts, waliiunganisha kompyuta iitwayo TX-2, iliyokuwa Lexington katika jimbo la Massachusetts, na nyingine iitwayo Q-32, iliyokuwa Santa Monica, California. Moja ilikuwa mashariki ya nchi ile kubwa, na ya pili magharibi kabisa, ukingoni mwa bahari ya Pasifiki. Kati yao palikuwa na njia ya simu tu, iliyopitisha biti 1,200 kwa sekunde, nao ni mwendo wa kobe kwa vipimo vya leo. Walakini mitambo ilisikilizana, moja ikaweza kuitaka nyingine iendeshe programu na kurudisha majibu. Kilichowashinda mabwana hao ni njia yenyewe, kwani simu huishika njia muda wote, hata wakati ambapo hakuna linalosemwa.

Tena ilikuwapo hesabu ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuifanya. Kompyuta 2 zataka waya 1. Kompyuta 4, ikiwa kila moja itaungana na kila nyingine, zataka nyaya 6; kompyuta 10 zataka nyaya 45; na kompyuta 100 zataka nyaya 4,950. Ndipo ilipoonekana kwamba hapana budi pawe na mjumbe. Mtandao wa ARPANET ulipoanzishwa mwaka wa 1969, kila mahali paliwekwa mtambo mdogo wa kupokea na kupeleka ujumbe kwa niaba ya kompyuta kubwa, na mitambo hiyo ndiyo babu zake ruta. Usiku wa tarehe 29 Oktoba mwaka huo, kompyuta ya chuo kikuu kule Los Angeles ilijaribu kuipelekea ile ya Stanford neno LOGIN. Zikafika herufi mbili tu, L na O, kisha mambo yakaharibika, yakatengenezwa baada ya muda.

Lakini waya wa moja kwa moja haukufa. Tangu mwaka wa 1960 Wamarekani walikuwa wamekwisha kuandika kanuni iitwayo RS-232, iliyoeleza jinsi kompyuta itakavyounganishwa na modemu, kile chombo cha kuipeleka sauti yake katika simu. Katika kiungo chenye pini 25, pini ya 2 ilikuwa mdomo wa kompyuta, na pini ya 3 sikio lake. Kwa modemu ikawa kinyume. Mpango huo ulikuwa mzuri maadamu kila mmoja alijua cheo chake. Lakini ukiziunga kompyuta mbili kwa waya ule ule, mdomo hukutana na mdomo, na sikio na sikio, na pande zote mbili hukaa kimya kama mabubu. Dawa ilikuwa rahisi. Mafundi walipishanisha nyuzi, ya 2 ikaenda kwa 3 na ya 3 ikaenda kwa 2, hata kila kompyuta ikadhani kwamba inasema na modemu.

Waya huo uliwaokoa watu wengi katika miaka ya 1980. Diski za inchi 5.25 zilikuwa zikiacha nafasi yake kwa zile za inchi 3.5, na diski ya mtambo wa zamani haikuingia katika mtambo mpya. Kazi ya mtu ya miaka mingi ingeweza kufungwa humo. Basi waliiunga mitambo miwili mgongo kwa mgongo, wakangoja. Kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, diski moja ya kilobaiti 360 ilichukua yapata dakika 6.

Wakati huo Ethernet ilikuwa imekwisha kuzaliwa. Robert Metcalfe aliiandika habari yake mwaka wa 1973, alipokuwa katika maabara ya Xerox kule Palo Alto. Hapo kwanza kompyuta zote zilishiriki waya mmoja mnene, kila moja ikisema humo na kusikiliza humo humo, wala hapakuwa na habari ya mdomo na sikio. Mwaka wa 1990 ikaja kanuni ya kutumia nyaya nyembamba kama zile za simu, na matatizo yale ya zamani yakarudi: pini za 1 na 2 za kusema, za 3 na 6 za kusikiliza. Kisanduku cha katikati ndicho kilichopishanisha. Asiyekuwa nacho alihitaji waya maalumu, ambao upande mmoja nyuzi za rangi ya chungwa na za kijani zimebadilishana mahali. Kwa macho waya huo ulifanana mno na ule wa kawaida, na mtu aliyeikosea rangi aliweza kupoteza asubuhi nzima akitafuta ugonjwa katika kompyuta iliyokuwa nzima.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wahandisi wa Hewlett-Packard walibuni njia ya kuuacha mtambo wenyewe ugeuze mdomo na sikio. Lakini itakuwaje pande zote mbili zikigeuza pamoja? Umewahi kukutana na mtu katika kichochoro chembamba cha Mji wa Kale wa Mombasa, wewe ukasogea kushoto naye akasogea upande ule ule, kisha nyote mkarudi kulia? Kompyuta zingeweza kufanya hivyo milele. Basi kila moja ikapewa namna ya kupiga kura ili wakati wa kugeuza usiwe sawa kwa wote wawili. Punde si punde mmoja hutangulia, na njia hufunguka.

Ilibaki habari ya anwani, ambazo kwa kawaida hugawiwa na ruta. Kanuni iliyotolewa mwaka wa 2005 ilitumia kura vile vile. Kompyuta isiyopata wa kuipa anwani hujichagulia moja kati ya 65,024 zilizotengwa, kisha huuliza katika waya kama kuna aliyeitwaa. Ikiwa yuko, huchagua nyingine. Leo ukiziunga kompyuta mbili kwa waya wa kawaida, ukaacha dakika moja ipite, kisha ukafungua mahali panapoandikwa anwani, kwa kawaida utaona nambari inayoanza na 169.254, na katika kompyuta ya pili nyingine inayoanza vivyo hivyo lakini yenye mwisho wake yenyewe.